Jina Lisilo na Mtu Ndani

Nilifika kwenye kilio cha msiba wa Mama Ngoie nikiwa na vumbi la treni mpaka masikioni, na mtu wa kwanza kunitambua pale Kamina hakunitambua kwa jina. Alikuwa mama mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani, ameketi kwenye mkeka karibu na lango la parsele, yaani kiwanja cha nyumba. Alinitazama kutoka kichwani mpaka viatuni, akarudia kutoka viatuni mpaka kichwani, kama mtu anayekagua kikwembe kabla ya kukataa bei, kisha akamgusa mwenzake kwa kiwiko. "Huyu njo wa imbwa." "Wa imbwa gani?" "Ile imbwa ya kwa Tante Kaya." "Aaa! Kumbe angali muzima?" Hata sasa sijui kama aliniulizia mimi au alimwulizia mbwa. Nimefanya biashara kati ya Kamina na Lubumbashi tangu ujana wangu, nimeuza samaki, nimeuza vikwembe, nimesomesha watoto mpaka wakaanza kunisahihisha Kifaransa changu, lakini katika mtaa ule mimi ni wa mbwa, na naona sina la kubishana. Ndani ya nyumba, Tante Kaya, shangazi yangu, alikuwa ameketi kando ya jeneza, mahali pa ndugu wa damu, ameshika mkono wa binti mkubwa wa marehemu. Hakuna aliyeuliza kwa nini jirani aketi pale. Mimi peke yangu, nadhani, ndiye niliyekuwa nikikumbuka kwamba ulikuwepo wakati ambapo wanawake hao wawili walizungumza kwa kupitia mbwa tu.

Vijana wa leo wanaofuga mbwa waitwao Reksi na Bobi huenda hawajui desturi hii. Zamani kwetu mbwa hakupewa jina ili aitike. Alipewa jina ili jirani asikie. Ukiwa na wifi mwenye kijicho, mbwa wako anaitwa Wivu-Haijenge. Ukiwa umesingiziwa jambo, anaitwa Mungu-Anaona. Asubuhi unatoka uani na sahani ya makombo, unapaza sauti, na hakuna mahakama itakayokupata na hatia, maana ulikuwa unamwita mbwa wako aje ale. Ni barua isiyohitaji muhuri wala posta. Mbwa wa Tante aliitwa Mutachoka, yaani semeni mtakavyo, ninyi ndio mtakaochoka. Barua hiyo ilikuwa na anwani moja tu: Mama Ngoie, upande wa pili wa ukuta wa matofali ambao haukumfikia mtu mzima kifuani. Kisa chake nilikipata kidogo kidogo, kama mtu anavyopata sukari ya jirani. Siku moja, kabla mimi sijaja kuishi pale, Mama Ngoie alisema kwenye robinet, bomba la maji la mtaa, mbele ya foleni nzima, "Kwa wengine batoto njo banaliaka. Kwa Kaya inaliaka redio tu." Tante hakuzaa. Alirudi nyumbani na ndoo yake, akaizima redio, akaifunika kwa kitambaa cha maua, na mwezi haukuisha kabla hajaleta mbwa mdogo, rangi ya bukari, yaani ugali, iliyoungua chini ya sufuria, sikio moja limesimama na lingine limelala.

Mwaka ninaousimulia, nilikuwa nimemaliza shule na ninajifunza soko. Nyumba ya Tante ilikuwa ya kampuni ya reli, ya matofali mekundu, vyumba viwili na saluni, yaani sebule, yenye viti vinne vya mbao, kalenda ya kanisa, na ile redio iliyofunikwa kama mtoto mchanga. Tulipika nje, kwenye mbabula, jiko la makaa, na kula ndani, kwa sababu Tante alikuwa Mmetodisti wa zamani na aliamini kwamba mtu anayekula uani anawaalika nzi na maneno. Chini ya meza alilala Mutachoka. "Imbwa haikulake pa meza," Tante alisema kila jioni, kwa sauti ya mwalimu wa katekisimu, na kila jioni niliona mkono wake ukishuka polepole na kitu, na kurudi bila kitu. Nilimhesabia samaki vipande vyake kwenye sahani, kisha nikahesabu tena, na hesabu haikukubali hata siku moja. Kupitia ukuta tulisikia sufuria za Mama Ngoie, kikohozi chake, wajukuu wake wakigombania mwiko, na wao bila shaka walisikia ukimya wetu. Ukimya wetu ulikatizwa asubuhi na jioni kwa neno moja, lililotupwa juu ya ukuta kama maji machafu: "Mutachokaaa!" Na mbwa, badala ya kuja, alikimbilia ukutani na kubweka upande wa pili mpaka povu limtoke. Tulisema ni mbwa mjinga. Tante alisema ni mkaidi, na nafikiri alijivunia kidogo.

Balaa lilitokea mwezi wa pili, asubuhi ya manyunyu. Foleni ya robinet ilikuwa ndefu, Tante mbele na ndoo yake, Mama Ngoie nyuma kidogo na beseni. Sikusikia neno lililoanza. Nilisikia lililomaliza, kwa sababu Tante alimgeukia mbwa aliyekuwa amelala kando ya tope, akapiga kelele, "Mutachoka!" Mbwa akaruka. Hakuenda kwa Tante. Alikata foleni, akamwekea Mama Ngoie miguu ya mbele kifuani, mama wa watu akaanguka juu ya saruji ya robinet, na sote tukasikia mfupa wa mkono wake ukilia kama kuni kavu. Jioni yake shefu wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, alikuwa kwenye saluni yetu, kofia juu ya goti. Alikuwa mtu wa kusema polepole ili maneno yake yaonekane mengi. "Siku ya Mungu, Dimanshi, haitapita," akasema. "Nitaita musoda mumoja wa kambi ya Base, akuje na bunduki yake. Imbwa yenye kuvunja muntu haikae mu avenue yangu." Tante alikuwa akiangalia chini ya meza. Basi nikasema mimi.

"Shefu, tuachie mpaka Noeli."

"Noeli? Mutoto, tuko mwezi wa pili!"

"Basi mwezi wa munane, vumbi ikishakuwa mingi."

"Hapa haiko pa soko."

"Njo maana siombe bei, Shefu. Naomba siku. Imbwa itafundishwa. Ikikosa kufundishika, minyi mwenyewe nitaishika kamba, musoda asipoteze risasi ya pili."

Alizungusha kofia juu ya goti. Alikuwa mtu wa kununua nyanya kwangu, na alijua kwamba nikianza hatuachani kabla ya giza. "Pasaka," akasema mwishowe. "Na minyi njo nitakuja kuangalia. Haiko Dimanshi, Dimanshi niko kanisani. Lundi ya Pasaka. Na musoda atakuwa karibu yangu." Niliomba Krismasi nikiwa nataka Pasaka, kwa hiyo nilifunga mlango nyuma yake nikijiona mtu mkubwa. Ndipo Tante akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Na nani atafundisha?" Hilo sikuwa nimelifikiria.

Njia ya kwenda Base ilikuwa na nyumba za wanajeshi wastaafu, na katika mojawapo aliishi mzee aliyeitwa kwa cheo chake cha zamani, Ajidan Banza, ambaye katika ujana wake alikuwa mlinzi wa uwanja wa ndege pamoja na mbwa wa jeshi. Wanyenyekevu wapo duniani, lakini yeye hakuwa mmoja wao. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo ikaweza kukata mkate, na alizungumza juu ya mbwa wake wa zamani kama wengine wanavyozungumza juu ya watoto waliokwenda Ulaya. Nilimweleza shida. Akataka jogoo. Nikamwambia tunaye mmoja tu na ndiye saa yetu. "Basi nikule," akasema. "Kila siku ya somo nikule pa meza, kwa sahani mukubwa, haiko ile kisahani ya batoto." Nikatoa bukari na sombe, yaani kisamvu, na samaki siku ya Samedi, Jumamosi. "Samaki ya wapi?" "Ya Kinkondja, mukavu." "Na kichwa?" "Kichwa haiko ndani ya bei, Ajidan." Akacheka, akasema kwamba msichana kama mimi angefaa jeshini, kwenye ghala. Tulipeana mikono. Nilipokuwa nimefika barabarani akaniita: "Vichwa vyote mutunze! Nitavitaka kwa kazi."

Alikuja siku ya Lundi, yaani Jumatatu, saa za asubuhi, akasimama katikati ya ua mikono nyuma. "Muite," akamwambia Tante. Tante akavuta pumzi, akageuza uso ukutani kama alivyozoea, na akapaza sauti: "Mutachokaaa!" Mbwa akakimbilia ukutani, akabweka. Upande wa pili mlango ulifungwa kwa kishindo. Ajidan alimwomba Tante amwite tena, kisha akaniomba mimi, na mimi pia, bila kujua, niligeuza uso ukutani. Mbwa alikuwa amesimama pale, nywele za mgongo zimesimama, anatetemeka, anatuangalia kwa pembe ya jicho kama mtumishi anayeuliza kama amefanya vizuri.

"Munasema imbwa hii haisikie," Ajidan alisema. "Inasikia kupita basoda. Imbwa haijue Kiswahili. Inajua uso yenu inaenda wapi, na sauti yenu iko na hasira ya nani. Tangu ilikuwa kadogo munaiambia: enda pale, piga ule mama. Siku ile pa robinet ulisema, na ilitii." Kisha akaongeza kwa upole ambao haukufanana na shati lake, "Haijaitwa hata siku moja, Mama. Hii imbwa haiko na jina."

Tante aliingia ndani. Nilimkuta ameketi kwenye kiti chake, mikono mapajani, mbwa kalala juu ya miguu yake. "Basi ni minyi njo nilivunja mukono ya Ngoie," akasema. Ajidan alikula peke yake siku hiyo, sahani kubwa, na akaacha nusu, jambo ambalo halikujirudia.

Baada ya kula akatuambia jina lazima libadilike. "Jina fupi, sauti mbili, na ndani isikuwe muntu." Tante akashangaa. "Jina bila muntu ndani ni jina ya nini?" "Ya imbwa, Mama." Tante akapendekeza Amani. Ajidan akakataa: jirani atafikiri anaombwa msamaha, au anachekwa. Tante akapendekeza Asante. Akakataa tena. Tulitafuta kweli, na nakuambia si rahisi. Katika lugha zetu zote, Kiswahili na Kiluba, kila neno tulilolishika tulimkuta jirani amekaa ndani yake. Mwishowe nikachoka, nikauliza, "Leo ni siku gani?" "Lundi." "Basi iitwe Lundi." Ajidan akalitamka, akasikiliza, akaridhika. Sauti mbili, mtu hayumo. Tulijiona tuna akili sana.

Mafunzo yenyewe hayakuwa ya mbwa. Nilidhani ningesimama pembeni na kuangalia, lakini Ajidan alinipa kamba mimi, akaweka vipande vya kichwa cha samaki kwenye mfuko wa sketi yangu, na akaanza kunifundisha kusema. Asi, akae. Kushe, alale. Reste, abaki palepale mpaka aambiwe repo, yaani pumzika. Yote kwa Kifaransa cha jeshi, kwa sababu, alisema, Kiswahili tunakitumia kwa ugomvi, maneno yake yamechakaa. Nilimwambia mbwa asi. Hakukaa. Nikamwambia, "Asi. Asi! Asi basi, kidogo tu, asi." Ajidan akapiga kofi kwenye paja lake. "Weye! Unabishana bei na imbwa!" Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeanza juu ili nishuke. "Asi ya kwanza ni amri," akasema. "Ya pili ni maombi. Ya tatu, imbwa njo inakuuzia." Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili, ninayerudia bei mpaka mnunuzi asahau aliyoijia, niliambiwa niseme neno mara moja kisha ninyamaze na kungoja. Sijawahi kujifunza kitu kigumu zaidi. Unasema, na unangoja, na mikono yako haina kazi, na mnyama anakuangalia, na ndani ya ule ukimya unagundua ni kiasi gani cha maneno yako ya kila siku ni woga tu wa kutosikilizwa. Halafu makalio ya mbwa yanagusa chini, taratibu, na unataka kulia. Baadaye sokoni niliijaribu kwa wanadamu: nilitaja bei, nikanyamaza. Sitasema imenijengea nyumba, lakini bati limo.

Na yeye alibadilika mbele ya macho yetu. Mbwa aliyekuwa akiruka kila mlango unapolia alianza kulala fofofo mchana, ubavu wazi, kama mtu aliyelipwa mshahara. Ajidan alisema mbwa asiyejua anachotakiwa hana mapumziko, anafanya kazi usiku na mchana, analinda kila kitu kwa sababu hajaambiwa alinde nini. Nilimwangalia Tante aliposikia hayo. Naye alikuwa na kitu mabegani ambacho kilikuwa kimeanza kushuka. Alikuwa hana tena la kutupa juu ya ukuta asubuhi. Alitoka uani, akasema "Lundi" kwa sauti ya kawaida, uso umemwelekea mbwa, na mbwa akaja. Siku ya kwanza alipofika moja kwa moja, akaketi mbele yake bila kuambiwa, Tante alisema, "Eh, wafwako, tata," kama anavyoshukuriwa mtu, kisha akageuka haraka kwenda kuangalia sombe ambayo haikuhitaji kuangaliwa.

Lakini ukuta una masikio pande zote mbili. Siku moja nilikuwa naanika nguo nikamsikia Mama Ngoie na binti yake mkubwa wanazungumza upande wao, sauti chini. "Banabadilisha jina," mama akasema. "Sasa ni nani?" "Lundi." "Lundi? Banataka kusema nini?" "Fikiri mwenyewe. Shefu anakuya siku gani?" "Lundi ya Pasaka." "Basi. Banatuambia: Lundi mutaona." Nilisimama na shuka mkononi. Tulikuwa tumetafuta jina lisilo na mtu ndani, na Mama Ngoie alikuwa ameingia humo mzima mzima, na mkono wake uliofungwa. Kadiri tulivyomwita mbwa kwa utulivu, ndivyo alivyozidi kuogopa, kwa maana tusi lililosemwa kwa kelele linaisha, ila lililosemwa polepole, asubuhi baada ya asubuhi, na samaki juu yake, hilo lina mpango. Kila Lundi hakwenda sokoni. Aliweka kiti kwenye lango lake, akaketi toka asubuhi hadi jua linazama, akingoja kitakachotokea. Mwishowe alimwendea shefu, na shefu akaja kutuuliza kwa nini tunamtisha mama wa watu kwa siku. Ajidan akaruka. "Ni siku tu! Tulianza Lundi!" Shefu akafikiri. "Na mulikosa kuanza Mardi juu ya nini?" Kisha akaweka sharti, na hakuna bei niliyoweza kuishusha: Lundi ya Pasaka, awe amefundishika au hajafundishika, atakayesema mbwa aishi au afe ni Mama Ngoie.

Ajidan alisema jina halibadilishwi tena, mbwa atachanganyikiwa. Kitu kimoja kitasaidia: Mama Ngoie amwite yeye mwenyewe. Jina ukilitia mdomoni mwako na ukaitikiwa, haliwezi tena kuwa tusi lako. Tante akatikisa kichwa. Kwenda kumwomba hakuweza. Nikaenda mimi, Ijumaa Kuu, baada ya ibada, mikono mitupu, kwa sababu nilijua nikichukua zawadi atafikiri ni hongo, na angekuwa sahihi. Alikuwa ameketi jikoni kwake, anachambua sombe kwa mkono mmoja. Nikakaa chini, nikaanza kuchambua nami. Hakunifukuza. Baada ya muda akasema, "Mutoto, sema kweli. Lundi kutafika nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Ni jina tu."

"Hakuna kitu njo inaogopesha."

Nikamweleza yote: ukuta, uso wa Tante, mbwa anayetii hasira, jinsi tulivyotafuta neno na kukosa. Alisikiliza bila kuacha kazi. "Unajua," akasema, "ile jina ya kwanza ilisemaka kweli. Nilichoka. Kila asubuhi, naamuka, nasikia Mutachoka, na minyi najiambia: ndiyo, nilishachoka." Akatazama majani mkononi. "Ile neno ya redio ilitoka tu. Nilikuwa nachekesha bantu. Bantu balicheka, na njo nikashindwa kuirudisha." Nikamwomba aseme hayo kwa Tante. Akanitazama kama nimemtajia bei ya wizi. Lakini aliposimama kunisindikiza alisema kwamba Lundi atafika mpaka langoni petu, asiingie, na kwamba yeye haahidi kitu.

Lundi ya Pasaka ilikuja na jua. Mtaa wote ulikuwa pale, na nguo za jana za kanisani. Shefu alikuja na askari kijana aliyebeba bunduki mdomo chini na aliyeonekana angependa kuwa mahali pengine. Nilifanya yote niliyofundishwa. Nikasema asi mara moja, akakaa. Kushe, akalala. Nikasema reste, nikaenda mpaka mwisho wa ua, mbuzi wa mtu akapita katikati, na mbwa akamfuata kwa macho tu. Watu wakapiga makofi. Ajidan alipokea makofi hayo kwa kuinama kidogo. "Ni muzuri," shefu akasema. "Lakini haiko weye ulivunjika. Mama, ni kwako." Mama Ngoie alikuwa amesimama langoni, mkono uliovunjika ameushika kwa mwingine. Wote walijua anaogopa nini, na hakuna aliyecheka. Kisha akasema, kama mtu anayegusa chungu kuona kama bado ni cha moto: "Lundi."

Mbwa akageuza lile sikio lililosimama. Akanitazama mimi. Nilikuwa na maneno tele kinywani, nikayameza yote. Akainuka, akavuka ua akitembea, hakukimbia, akafika langoni, akaketi mbele ya miguu ya Mama Ngoie na kumwangalia usoni. Mama Ngoie akashusha pumzi. "Bon," akasema. Mbwa hakuondoka. "Bon, enda." Hakuondoka. "Enda kwenu." Alikuwa amefundishwa vizuri mno: hajui kwenu, na atabaki palepale mpaka asikie neno lake. Mama Ngoie alijaribu kupita kushoto, akaona aibu kumruka, akarudi. Akamwangalia Ajidan. Ajidan akatazama mawingu ambayo hayakuwepo. Akaniangalia mimi, nikafungua mdomo, na buti la Ajidan likashuka juu ya vidole vyangu. Alibaki mtu mmoja. Tante alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba, mikono ndani ya kikwembe. Askari alihamisha bunduki bega lingine.

"Kaya," Mama Ngoie akasema. Sauti ilikuwa kavu. "Naiambia namna gani?"

Tante alitoa mikono ndani ya kikwembe. Angeweza kunyamaza, na mtaa mzima ungemwelewa. Pengine ndilo lililokuwa jibu alilolitunza muda wote ule. Alitoka kwenye kizingiti, akaja mpaka katikati ya ua.

"Sema repo."

"Repo," Mama Ngoie akasema.

Mbwa akanyanyuka, akajikung'uta tangu masikio hadi mkia, akaenda zake kunusa viatu vya askari. Wale wawili walibaki wamesimama vilevile, mmoja langoni na mmoja uani, kwa sababu kwao hapakuwa na mtu wa kuwaambia neno hilo. Shefu akakohoa, akauliza basi Mama anasemaje. Mama Ngoie hakumsikia. Alikuwa akimwangalia mbwa.

"Munaikulishaka nini," akauliza, "inanona hivi?"

Na Tante akaanza kumweleza, kwa kirefu, kuanzia samaki wa mezani, na akawa bado anaeleza wakati shefu na askari wake walipokuwa wamekwisha kupinda kona ya barabara.